Gogo la Bi Siwatu

Bi Siwatu wa mtaa wa Mzambarauni alilaza gogo katikati ya barabara, magari ya wanachama wa klabu yakakwama. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Kaduma, akamshtaki kwa mtendaji wa kata.

"Pale hapana barabara," Bi Siwatu alisema. "Ni kichochoro tu, kinaishia kwenye banda langu la kuku."

"Mwongo huyu," Kaduma akafoka, akatandaza ramani ya zamani mezani. "Ni barabara ya umma, kutoka sokoni mpaka kwenye chemchemi."

"Chemchemi ipi tena, baba?"

"Hiyo tuliyoizungushia ukuta wa klabu mwaka jana. Kila mtu ana haki ya kupita, mwanzo hadi mwisho."

"Basi andika, nishindwe kihalali."

Kaduma akaandika, akatia saini, na mtendaji akagonga muhuri. Bi Siwatu akaomba nakala, akaondoka akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Asubuhi gogo halikuwepo. Kaduma alijikuta nyuma ya wanawake arobaini wenye ndoo, waliojipanga mpaka ndani ya klabu. Mlinzi, karatasi yenye saini ya bosi wake mkononi, alikuwa ameshafungua lango.

Bi Siwatu akasogeza ndoo yake pembeni.

"Pita tu, baba," alisema. "Barabara haina mwenyewe."