Ngiri na Wimbo wa Kinu

Hadithi nimebeba!
— Itue tuione!
Ina uzito!
— Tutakupokea!

Haya, sogeeni. Wewe uliye nyuma acha kutafuna, utakosa utamu.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakila ugali kama sisi, nchi nzima ilikuwa na kinu kimoja kikubwa. Watwangaji walikuwa watatu: Bi Kima, Bi Pofu mwenye pembe na Bi Nungunungu. Michi mitatu, kinu kimoja! Ili wasigongane, Bi Kanga alikaa pembeni na vifaranga wake saba, akawaimbia:

Inua wako, nishushe wangu,
Mtama uwe unga,
Unga uwe ugali,
Watoto walale wameshiba.

Basi, wimbo ndio huo, hauna zaidi. Lakini ulikuwa mtamu! Watoto wa swala waliuimba mtoni. Pundamilia waliuimba malishoni, wakakata viuno mpaka vumbi likatimka.

Sasa, Bwana Ngiri alikuwa msikilizaji wa Mfalme Nyati. Kazi yake ilikuwa kusikiliza wanyama wanasema nini, kisha kupeleka habari mlimani kwa mfalme. Siku nyingi zilipita hana la kupeleka, akaanza kuihofia kazi yake. Aliposikia wimbo ule umeenea, alipanda mlima mbio.

"Mfalme wangu, tumekwisha!"

"Kuna nini, Ngiri?"

"Wimbo, Mfalme! Ule wa sifa zako tumewafundisha mwaka mzima, mpaka leo wanakwama ubeti wa kwanza. Huu wa kinuni hakuna aliyewafundisha, na wanaujua wote. Hapo pana mkono wa mtu. Leo wanaimba pamoja, kesho watasimama pamoja. Keshokutwa wewe utakuwa wapi?"

Mfalme Nyati hakuwahi kuusikia wimbo wenyewe, maana alikaa mbali na kinu. Lakini aliogopa. Akatoa amri: atakayekutwa na wimbo ule mdomoni atafukuzwa, yeye na wanawe, wakaishi uwanda wa chumvi usio na tone la maji.

Wanyama wakafunga midomo. Wakaanza kuguna puani: mm-mm, mm-mm. Ngiri mbio mlimani. "Mfalme, wanaimba kwa pua!" Pua zikapigwa marufuku.

Wakaanza kutikisa vichwa tu, kimya. Ngiri mbio tena. "Mfalme, wanaimba kwa shingo!" Shingo nazo zikapigwa marufuku. Nchi nzima ikawa inatembea imekakamaa. Twiga aliteseka kuliko wote, maskini.

Na Ngiri mwenyewe? Ili awakamate waimbaji, ilibidi aujue wimbo vizuri. Kila siku alijilaza nyuma ya kichuguu akiuchunguza. Akalala nao, akaamka nao. Ukimjia tu, mkia wake unasimama wima. Anaushusha kwa kwato, unasimama tena.

"Huu ni uchunguzi," alijiambia. "Uchunguzi tu."

Kinuni kukawa balaa. Bila wimbo, michi iligongana. Siku ya kwanza mchi wa Bi Pofu ulivunjika. Siku ya pili Bi Kima alipondwa kidole. Siku ya tatu mchi ulikuwa unakwenda kutua kwenye mguu wa Bi Nungunungu, na Bi Kanga akashindwa kuvumilia. Akaimba: "Inua wako, nishushe wangu!" Mguu ukapona. Lakini nyuma ya kichuguu palikuwa na masikio mawili.

Bi Kanga akapelekwa barazani. Vifaranga saba walijibana chini ya mbawa zake. "Mama, huko tunakokwenda kuna maji?" Mama alilia tu, na waliomtazama walilia naye.

Mfalme alikuwa ametoka kula ugali wa chenga za mtama usiotwangika, meno yanamuuma. Akasema, "Kabla sijahukumu, huo wimbo ukoje?"

Nani athubutu?

"Ngiri, shahidi ni wewe. Tuambie."

Ngiri akakohoa. "Inua wako. Nishushe wangu. Mtama uwe unga…"

"Mbona sioni ubaya? Uimbe kama wanavyouimba!"

Ngiri akaimba. Mwanzo aliimba kidogo, kwa woga. Halafu mkia ukasimama. Halafu kiuno kikalegea. Akaimba ubeti wote, akaurudia, akaongeza na wa kwake ambao hata Bi Kanga hakuujua! Swala wakaitikia. Twiga akatikisa shingo kwa raha ya siku zote alizoikosa. Na kwato la Mfalme likawa linagonga chini: ti, ti, ti.

Ngiri alipofumbua macho, baraza lote lilikuwa linamtazama.

"Ngiri," mfalme akasema, "umekutwa na wimbo mdomoni. Amri unaijua."

Ngiri akauona ule uwanda wa chumvi, akamwona mkewe, akawaona wanawe wanne wenye kiu. Ndipo alipoona aibu kwa vile vifaranga saba.

"Mfalme, usimfukuze," akasema Bi Kanga, akifuta machozi. "Mimi sauti imenikauka kwa kulia. Mtama upo, na hawa wana njaa. Mpe kinu."

Mfalme akatazama kwato lake, bado linagonga. Akaona haya. "Na amri hiyo ife," akasema. "Mimi nataka ugali laini."

Siku hiyo Ngiri aliimba kinuni mpaka jua likazama. Hakuna mchi uliogonga mwenzake, na vifaranga saba walilala wameshiba. Hadi leo, ukimwona ngiri anakimbia mkia wima, usimuulize. Wimbo umemjia.

Funzo, wanangu: mkubwa akiuogopa wimbo, muulizeni kwanza kama ameusikia. Na yule anayeukemea kuliko wote, mtazameni mkia.

Hadithi nimeitua!
— Tumeibeba!