Birika la Sultani Nasibu

Katika mji wa Rasilulu alitawala Sultani Nasibu bin Hilali, mpole wa ulimi na mpenda zawadi, kasoro tuliyonayo wengi, ila sisi wengine hatuna mji wa kuuponza. Naye akaamuru lijengwe birika kubwa kilimani liwanyweshe raia, na amana ya kazi akampa Waziri Zahrani, mwenye pete iliyomtiisha Zumburi, jini wa kuchoma chokaa.

Fundi Mbwarali ndiye aliyejenga, na akaona chokaa ikipelekwa kwingine, naye akiletewa udongo uliopakwa weupe. Na bondeni, chini ya ukuta ule, palikuwa na nyumba mia tatu, mojawapo ya Mwanaidi, mjane ambaye fundi alikuwa amemchumbia.

Waziri akamwambia, "Ulimi ukirefuka kuliko uzi wa timazi, fundi, hukatwa."

Mbwarali akanyamaza mwezi mzima, akaendelea kujenga. Ikafika siku ya kujaza maji, ambayo kwa desturi ya Rasilulu fundi huketi chini ya ukuta wake mpaka maji yafike ukingoni. Akapiga magoti mbele ya Sultani.

"Maulana, ukuta huu ni udongo. Nimenyamaza mwezi, na kosa hilo ni langu, kwa hiyo nitaketi. Lakini watu wa bondeni wana kosa gani?"

"Amelewa tembo huyu, Maulana," akasema Waziri.

"Basi Waziri aketi nami."

"Desturi hiyo ni ya mafundi," akajibu Waziri, na jasho likamtoka.

Sultani akaliona jasho lile, na akamgeukia jini aliyesimama nyuma ya Waziri kama moshi uliofundishwa adabu. "Zumburi, chokaa ya raia iko wapi?"

"Miaka arobaini naamrishwa, Maulana, wala sijaulizwa. Pete yanifunga nitende, hainifungi nisiseme. Nusu imejenga kasri la Waziri. Nusu imejenga hamamu yako, ile uliyopewa zawadi usiulize imetoka wapi."

Watu wa baraza wakatazama viatu vyao wenyewe. Mshika upanga akamkaribia fundi, akingoja ishara. Sultani akatazama bondeni, walikopanga foleni wanawake na mitungi yao, kisha akashuka kitini, akaketi vumbini kando ya Mbwarali.

"Maji yasijazwe. Bomoeni hamamu yangu kwanza, kisha kasri la Waziri, na mawe yarudishwe tanuuni yachomwe chokaa."

Zahrani akavuliwa pete na cheo, akabebeshwa mawe; Zumburi akaachwa huru, naye akachoma chokaa kwa hiari; Mbwarali akaujenga upya ukuta wa birika, akafanywa msimamizi wa majengo yote, akatunukiwa nyumba na shamba, akamwoa Mwanaidi, na mji mzima ukanywa.

Hapo ndipo hadithi inapotua: mtawala asiyeuliza ni mshirika wa mwizi, na msema kweli huanza kwa kuukiri ukimya wake.