Chambo cha Nzi

Mimi mwenye nyumba, mtu na heshima zangu, nilisimama mlangoni kwa mpangaji wangu Mwatime nikatoa amri.

"Nzi hawa wadogo wametoka kwako. Wasipoondoka leo, utaondoka wewe."

Mwatime akamchungulia mmoja aliyetua mkononi mwangu. "Baba mwenye nyumba, huyu ana macho mekundu. Si wa chooni, ni wa matunda. Hawa hawafukuzwi, wanategwa. Una chambo?"

Chumbani nilikuwa na mkungu wa ndizi mbivu ambao sikuwahi kumwonjesha mtu.

"Nitoe moja?"

"Ukitoa moja watabaki kwenye zilizobaki. Peleka mkungu wote uani, kisha ujifungie ndani. Wakikuona tu, watarudi nawe."

Nikaubeba mwenyewe begani. Nikajifungia, nikatoka jasho kwa utiifu mpaka alasiri. Kweli, ndani hakubaki hata nzi mmoja! Nikatoka nikicheka.

"Mwatime, wewe ni mganga! Nzi wamekwenda wapi?"

"Wamefuata ndizi, baba."

"Na ndizi?"

Akanionyesha watoto wa wapangaji, wamejilaza kivulini, matumbo kama ngoma.

Ningemfukuzaje, nami nimeshamwita mganga?