Nyati Akataa Kukaa Mkiani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na masengenyo kama sisi, mvua ilikatika. Sikilizeni, na mwenye makamasi apenge kwanza.

Wanyama wakaitana kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wote wachimbe lambo la maji. Sheria ilikuwa moja: kila nyumba itoe mawe kwenye kipande chake. Jua likizama na jiwe lako bado lipo, hunywi.

Mnyapara alikuwa Nyati. Akajigawia kipande cha mchanga mtupu. Kile chenye jiwe kubwa kama tumbo la kiboko akampa Pimbi, mjane mwenye watoto, mfupi hata nyasi zinampita.

"Mzee Nyati, jiwe hili kweli langu?"

"Sheria ni sheria, mama. Sukuma!"

Pimbi akasukuma. Ng'o! Watoto wakasukuma. Ng'o! Midomo yao imepasuka kwa kiu, na jua linashuka. Nyati akacheka, kwa! kwa! kwa! mpaka kupe wakamdondoka.

Pimbi akajipangusa vumbi. "Mzee, tuwekeane dau. Nikikunyanyua wewe, tunabadilishana vipande. Nikishindwa, mimi na wanangu tutakutoa kupe maisha yetu yote."

"Wewe? Uninyanyue mimi? Haya, jaribu!"

Pimbi na wanawe wakabiringisha mti mrefu uliokatwa, wakaulaza juu ya kijiwe. Upande wa shina ukawa mfupi, ncha ikaenda kuleee.

"Utakaa wapi, mzee? Hapa shinani, au kule mwisho?"

"Umeona wapi mkubwa akakaa mkiani?"

Na kweli, katika kazi zao zote wakubwa walishika shina, wadogo wakapelekwa mwisho. Nyati akajibwaga shinani, puu!

Pimbi na watoto wakapanda nchani, mmoja mmoja. Mti ukalia kwiii! Makalio ya Nyati yakaacha ardhi. Kwato zikaning'inia hewani.

"Yalaa! Nishusheni!"

"Jiwe la nani, mzee?"

"Langu! Langu!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitikia wanyama, wakishika mbavu.

Pimbi na wanawe wakaruka chini. Nyati akatua, buu!

Basi akalivaa jiwe kwa pembe. Akahema, akatoa povu. Jiwe, ng'o. Chini ya lambo maji yalikwisha kuanza kuchuruzika, na jua limebaki kipande kama ukucha.

"Mama Pimbi," akanong'ona, "kiu itaniua. Niazime huo mti."

"Si huo hapo? Lakini safari hii jiwe ndilo litakalokaa shinani. Wewe nenda mkiani."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Basi kafe kwa heshima yako."

Nyati akatazama maji. Akatazama jua. Pimbi akausukumiza mti chini ya jiwe, ukiegemea kijiwe kile kile, na Nyati akaenda mpaka mwisho kabisa, kichwa chini. Akakanyaga kwa kwato moja. Jiwe likachomoka, likabiringika nje, gudu-gudu-gudu!

"Ah! Kumbe lilikuwa jepesi?"

"Si jepesi, mzee. Ulikuwa unakaa pabaya."

Nyati akanywa, lakini baada ya watoto wa Pimbi.

Nanyi mnaogombania kukaa mbele, shikeni hili: anayejua mahali pa kushika hamwonei wivu mwenye misuli.