Arobaini ya Malkia wa Sisimizi

Zamani hizo, wanangu, kabla hata bibi yangu hajaota meno, wanyama walikuwa na nyumba, na milango, na majirani wambea. We unayetafuna muwa, tafuna polepole. Sirudii mimi.

Basi palikuwa na Kindi, mjane mwenye watoto watatu na ghala la njugu kando ya mwamba. Mwaka wa kwanza mchwa walilivamia ghala lile, wakala njugu, wakala na kuta. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Kindi alipofungua mlango alikuta vumbi tupu, na watoto wake wakashinda wakitafuna mizizi mpaka midomo ikachubuka. Alilia siku moja tu. Kisha akajifuta machozi akasema, "Wallahi, mwaka wa tatu hawali!"

Alimjua adui wa mchwa. Ni sisimizi, wale weusi wakubwa. Wakikaa mlangoni pako, mchwa hathubutu kupita. Lakini sisimizi hawaji kwa kuitwa. Lazima umpate malkia wao, umtunze, azae hapo hapo kwako.

Mvua ya kwanza ikanyesha, asubuhi yake jua likatoka. Lo! Wadudu wenye mabawa kila upande, vuu! vuu! Kindi akatoka na kipande chake cha mwanzi, akaenda ameinama, akiwakagua mmoja mmoja.

"Wewe kumbikumbi, kiuno kipana, pita. Wewe kiuno chembamba, sawa, lakini kichwa kidogo na mwili kama uzi. Wewe dume, harusi yako imekwisha, pita. Wewe..."

Akasimama. Sisimizi mkubwa mweusi, tumbo nono, kifua kimetuna, anakimbia kwenye tope kama mtu anayetafuta chumba. Mabawa hana, ila kifuani zimebaki alama ndogo pale yalipong'oka. Maana malkia wa sisimizi akishaolewa huyavua mabawa mwenyewe. Ya nini tena?

"Ndiye!" Kindi akanong'ona.

Mwanzi ule aliutia maji kidogo chini, akayaziba kwa sufi, ili sufi ilowe na mgeni asizame. Akamwingiza malkia, akaziba na mdomo kwa sufi kavu. Kumbe Ngiri anamwona! Ngiri huyo alikaa bure katika shimo alilochimba Muhanga, na shukrani yake ilikuwa kumpelekea maneno.

Alasiri hiyo ardhi ikatetemeka, ti! ti! ti!

"Hodi hapa!" Ni Muhanga, pua ndefu, kucha kama majembe, na Ngiri nyuma yake.

"Karibu, mjomba. Keti."

"Siketi. Nimesikia una malkia wa sisimizi. Mlete! Nimechoka kuzunguka nikitafuta chakula. Nataka wazaliane chumbani kwangu, nile nimelala."

"Mjomba, wanangu wamelala njaa miaka miwili. Huyu ndiye mlinzi wa ghala letu."

"Una watoto? Mimi nina kucha!" Akapiga ardhi mara moja, tifu! Kona nzima ya ghala ikabaki wazi. "Mlete, au nafukua nyumba yote."

Watoto wakajibanza nyuma ya chungu. Kindi naye, tuseme kweli, alirudi hatua moja nyuma. Lakini kumtoa malkia? Hapana, hamtoi. Akautazama ule ulimi mrefu wa Muhanga unavyolamba pua, na hapo akapata wazo. Huyu tangu azaliwe amekula sisimizi kwa ulimi, mia kwa mpigo. Amewahi kumtazama hata mmoja?

"Sawa, mjomba. Ningoje kidogo."

Akazunguka nyuma ya nyumba mbio. Madume wa sisimizi walikuwa wametapakaa chini, wengine wamekufa, wengine hoi. Akachukua mmoja aliyekuwa bado anapumua, mabawa yanameremeta, akamtia kwenye mwanzi wa pili. Akarudi na mianzi yote miwili, akalegeza sufi.

"Haya. Mmoja ni malkia, mmoja siye. Wewe ndiye bingwa wa sisimizi nchi hii, mjomba. Mimi nani hata nikuchagulie?"

Muhanga akainama. Ukucha wake ukaenda moja kwa moja kwa yule asiye na mabawa, ukasimama hapo. Kindi akabana pumzi.

"Huyu mnene," alisema Muhanga.

"Mnene ndiyo, lakini hata mabawa hana!" Ngiri akadakia. "Malkia gani atoke nje bila nguo? Mtazame mwenzake alivyopambwa!"

"Ndicho nilichotaka kusema!" Muhanga akajikohoza. "Huyu mnene kijakazi wa jikoni. Baki naye."

"Umechagua mwenyewe, na shahidi ni Ngiri," alisema Kindi. "Sasa sikia matunzo. Malkia ni mzazi, na mzazi ana arobaini yake. Mweke gizani. Asisikie kishindo. Chakula usimpe, maji tu, dondoshea kwenye sufi. Na usimchungulie! Akisumbuliwa hula mayai yake. Siku ya arobaini ndipo ufungue."

Hakuna uongo hapo, wanangu. Malkia hutunzwa hivyo hivyo.

Basi Muhanga akalea! Akawa anatembea kwa ncha za kucha. Ngiri akipiga chafya, "Sss! Kuna mzazi!" Ngiri akikoroma, anatolewa nje na mkeka wake.

Kwa Kindi nako kazi haikulala. Mwambani palikuwa na ufa uliopinda kama kiwiko. Akauchomeka mwanzi ndani, nyuma ya kona, na kila siku akaongeza udongo wa mfinyanzi kuuzunguka, taratibu, bila kuutikisa.

"Mama, tuchungulie kidogo tu!"

"Hapana."

"Kidogo sana!"

"Nimesema hapana!" Naye mwenyewe vidole vilikuwa vinamwasha kwa hamu.

Siku ya thelathini na nane alipokwenda kudondosha maji, aliona kipapasio chembamba kinachomoza kwenye sufi. Mtoto wa kwanza! Kindi akaziba mdomo asipige kelele. Akaweka tone la asali na mchwa mmoja aliyepondwa, akaondoka zake.

Siku ya arobaini, kwa Muhanga ikalia ngoma. Muhanga akavuta sufi, akainamisha mwanzi. Kikadondoka kiganda kikavu na mabawa manne. Upepo ukapita, fuu, hata hayo mabawa yakaenda.

Ti! ti! ti! "Kindi! Malkia amekufa!"

"Yule alikuwa dume, mjomba. Dume hufa siku mbili tatu baada ya harusi."

"Siku mbili? Na mimi nimenyata siku arobaini!"

Ngiri akaangua kicheko, kwa kwa kwa! Alipotazamwa, akakimeza.

Muhanga akauvamia mwamba, kwaruu! Ukucha ukavunjika. Akaingiza ulimi kwenye ufa, ukafika kwenye kona, ukagota, ukarudi na udongo. Akaketi chini, pu.

"Ulijuaje kuwa ni yule mnene?"

"Nilimtazama."

"Lakini mimi nimekula sisimizi maisha yangu yote!"

"Umekula, mjomba. Kutazama hukutazama."

Mavuno yalipoingia ghalani, sisimizi walikuwa wamejaa mlangoni kwa Kindi. Mchwa wakaja kwa mstari wao, wakafika kizingitini, wakageuka walikotoka. Ndani watoto watatu walikuwa wakila njugu, kacha kacha kacha, na mama yao ameketi anawasikiliza.

Basi wanangu, usidai kukijua kitu kwa sababu tu unakila kila siku. Na wewe wa muwa, hebu nionyeshe unachotafuna hapo.