Jina Ndani ya Kola

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni hii ya juzi tu ambayo nusu yenu mnaweza kunibishia, palikuwa na msichana aitwaye Mwavita. Alikuwa mwaka wa nne wa udaktari, katika nchi ambayo siitaji, maana wakubwa wake hawapendi kutajwa.

Siku moja wanafunzi waliandamana, askari wakafyatua risasi. Mwavita akawafunga majeruhi vidonda bwenini, kwa mashuka yake mwenyewe. Kosa lake ni hilo, jingine hana. Siku ya tatu akasikia jina lake linasomwa redioni: adui wa taifa. Akakimbilia mahali pekee ambapo askari hawakupenda kuingia. Mochwari.

Mhudumu wa mochwari alikuwa Mzee Kasindi. Mkewe alikuwa amefariki jana yake, na jeneza lake lilikuwa tayari mlangoni. Mzee akamtazama marehemu, akamtazama msichana.

"Ingia humu, binti yangu," akasema. "Mama yako atakupisha."

Saa saba mchana, jua la utosi, jeneza likapita kizuizi cha barabarani juu ya pikapu. Askari akaligonga kwa kitako cha bunduki. Akamwona Mzee Kasindi analia, akampa pole, akafungua njia. Machozi yale hayakuwa ya kuigiza.

Jeneza likafunguliwa karibu na mpaka, Mwavita akavuka na nguo aliyovaa tu. Katika hospitali ya kambi ya wakimbizi akapewa ufagio, wodi ya wazazi. Haya, daktari mtarajiwa anapiga deki! Mkunga mkuu pale alikuwa Bi Zamda, mwanamke mkali ambaye hata madaktari walimnyenyekea. Siku moja akamkuta Mwavita kaacha ndoo katikati ya njia, anampulizia pumzi mtoto aliyezaliwa kimya. Mtoto akalia. Bi Zamda hakufoka.

"Kesho acha ufagio," akasema. "Simama karibu na mikono yangu, uitazame."

Akamfundisha miaka mitatu. Wakubwa wa hospitali walipogundua kuwa mtu asiye na leseni anazalisha, Bi Zamda akasema kosa ni lake peke yake. Akavuliwa cheo, akapelekwa kufua mashuka ya wodi, na huko huko akastaafia.

Mwavita akaomba nafasi katika chuo cha udaktari cha nchi ile. Wakamwambia, bila alama za kule ulikotoka, hatukujui. Alama! Kule kwao iliamriwa kila karatasi yenye jina lake ichomwe moto. Siku hiyo alilia, nisiwafiche.

Mwezi haujaisha, akatokea mtu anachechemea. Ni Byamungu, aliyekuwa naye darasa moja. Akachana bitana ya jaketi lake, akatoa kurasa nne za rejista ya chuo alizozinyakua kabla ya moto, zenye jina la Mwavita na alama zake zote. Walinzi wa mpaka walimvunja mguu, bitana hawakuipekua. Hakukaa hata kunywa chai.

Basi chuo kikampokea, Mwavita akasoma. Akafanya mtihani wa mwisho, akawa wa kwanza. Wa kwanza, nasema! Mkimbizi, mpiga deki, kawaacha nyuma watoto wa mawaziri!

Sasa, chuo kile kina desturi yake. Daktari mpya havai koti jeupe mwenyewe. Huvishwa na mtu mmoja, yule aliyemfanya awe daktari, na jina la mtu huyo hushonwa ndani ya kola, likae shingoni mwake mpaka astaafu. Jina ni moja tu.

Mwavita alikwisha kuamua: Bi Zamda. Kuhusu Mzee Kasindi, Mwavita alidhani askari walikwisha kumuua mzee huyo. Siku ya kuvishwa ikafika, mkuu wa chuo akauliza ukumbini, "Nani anamvisha huyu?" Vigelegele vikatulia. Wakasimama watu watatu, na Mzee Kasindi mmoja wao, mzima.

Mzee Kasindi akasema, "Koti ni langu kumvisha. Mke wangu nilimzika kwa mkeka, bila mwimbaji hata mmoja, kwa sababu jenezani mwake alilala huyu. Maiti hasomi udaktari. Mimi nilimpa uhai."

Bi Zamda akasema, "Koti ni langu kumvisha. Uhai wanao wengi, mzee wangu, na si madaktari. Mikono ile niliifundisha mimi, na yangu ikaishia kwenye sabuni. Wala sijuti."

Byamungu akasema, macho chini, "Koti ni langu kumvisha. Bila kurasa zangu angekuwa na ufagio hadi leo. Lakini, dada Mwavita, acha niseme mbele za watu. Waliponikamata baada ya maandamano, wakanipiga, mimi ndiye niliyekutaja."

Akainua macho.

"Kurasa zile zilikuwa za kukuomba radhi. Ukilishona jina langu, nitajua umenisamehe. Usipolishona, nitajua pia."

Hasira ikampanda Mwavita, ikashuka, ikapanda tena. Akakumbuka harufu ya mbao za jeneza. Akaitazama mikono ya Bi Zamda iliyochubuka kwa sabuni. Akautazama mguu wa Byamungu. Na katikati ya yote hayo furaha ilimjaa mpaka kooni, maana kufika alikuwa amefika, na hakuna redio ya kumfuta tena.

Fundi akapitisha uzi kwenye sindano. "Nishone jina gani, daktari?"

Daktari! Ndiyo mara ya kwanza kuitwa hivyo. Mwavita akacheka huku machozi yanamtoka, akataja jina moja.

Ninalijua, siwaambii. Semeni ninyi, mnaopenda kunibishia: yupo aliyempa uhai, yupo aliyempa mikono, yupo aliyemponza kisha akavunjwa mguu akimrudishia jina lake. Je, kola ile ilikuwa haki ya nani?