Kiboko Alivyotaka Nafasi Zote

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mnaitika kama waliokunywa uji uliopoa? Paukwa!

PAKAWA!

Hapo sawa. Basi palikuwa na Pimbi, umbo dogo, mdomo kama cherehani. Yeye na wenzake wawili, Chura na Kanga, walikuwa na kundi la maigizo ya kuchana mistari. Pimbi alichana, yaani alighani kwa kasi, Chura alipiga biti kwa koo, buu-tsi, buu-tsi, na Kanga alicheza mpaka vumbi likatimka.

Maigizo yao hawakuyatunga wamekaa kitako. Kila mmoja aliingia duarani akachana jambo lililomkuta kweli. Wenzake wakicheka, linabaki, wasipocheka, linatupwa. Kisha wanyama wote waliitwa waonje onyesho lingali bichi, na kazi yao ilikuwa moja: mchanaji akipiga ukelele, waurudishe. Na lililotamkwa duarani mbele ya wote halikufutwa. Ndiyo sheria yao.

Mazoezi waliyafanyia uwanja wa kando ya bwawa. Mahali pengine hapakuwepo, kwa Pimbi ni mawe matupu, Kanga atachezea wapi? Siku ya kuonjesha onyesho jipya, wanyama wamejaa tele, mara Kiboko huyo, katoka majini, chwaa!

"Uwanja huu wa nani?" akanguruma.

"Shikamoo, mzee. Wako," akajibu Pimbi. Uwanja ulikuwa wa wote, lakini meno yale nani abishane nayo?

"Na onyesho?"

"La kundi, mzee."

"Uwanja wangu, onyesho langu! Nachana mimi. Biti napiga mimi. Nacheza mimi. Hamtaki? Fungasheni, msirudi tena!"

Pimbi roho ilimuuma, wallahi. Jasho lote lile, Kanga kateguka mguu, Chura kakaukwa na sauti, leo liende hivihivi? Lakini hakulia. Akainama kwa adabu.

"Mzee wangu, umetuokoa! Nafasi zote chukua. Ila anayechukua nafasi huchukua na kazi yake."

"Kazi gani ya kunishinda mimi?"

Kiboko akaingia duarani. "Mimi mkubwa!"

"Mimi mkubwa!" wakaitikia wanyama.

Akapiga biti, buu-tsi, buu-tsi, mate yakawarukia wa mbele. Akachana, akapiga, akachana, akapiga, pumzi hee, hee. Lo, raha gani ile! Hajapata kuitikiwa tangu azaliwe.

"Bado kucheza, mzee," Pimbi akamnong'oneza. "Kanga humalizia kwa kuzungukia mgongo. Lakini kwa mwili huo, labda tumwachie Kanga..."

"Nani amwachie Kanga? Nipisheni!"

Akajitupa chali, puu! Akazunguka nusu, akakwama. Miguu yote minne juu, inapapasa hewa.

"Niinueni!"

"Niinueni!" wakaitikia wote kwa makofi.

"Sichezi, jamani!"

"Sichezi, jamani!"

"Pimbi, nakufa!"

"Pimbi, nakufa!" Hata Kobe, aliyeburutwa na mkewe kuja pale, alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

Pimbi akamwinamia sikioni. "Mzee, hawa hawakuinui mpaka onyesho liishe. Na haliishi bila mstari wa mwisho."

"Upi? Sema upesi!"

"Uwanja ni wa wote."

Kiboko akajipinda ainuke mwenyewe. Jua likamchoma tumbo. Akajipinda tena, jua likazidi. Ngozi ya kiboko na jua la mchana, mnajua wenyewe, havipikiki chungu kimoja.

"Uwanja ni wa wote!" akalia.

"UWANJA NI WA WOTE!"

Basi likawa limetamkwa. Wakamwinua, hobe hobe, kwa vigelegele. Kiboko akatazama huku, akatazama kule, akaona nyuso zinamchekea, hakuna anayemkimbia. Akakohoa.

"Kesho tunaanza saa ngapi?"

"Asubuhi, mzee," akasema Pimbi. "Ila nafasi iliyobaki ni moja tu, ya kuanguka."

"Nitaanguka vizuri zaidi," akasema Kiboko.

Na kweli akaanguka vizuri. Wanyama walitoka mbali kumwona, na Pimbi akawa analala usingizi mnono.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwanogea, kaleni na wenzenu. Ikiwachachia, niachieni mwenyewe nikaipashe moto. Na funzo lake, wanangu, ni kwamba mkubwa haanguki kamwe. Mkimwona yuko chali, ni onyesho hilo, pigeni makofi kwanza.